Maswali ya wasomaji: Toussaint Louverture, Kilwa yetu na uhuru wa Haiti

Toleo lililopita tuliandika aya chache tu kuhusu Toussaint Louverture, yule jenerali mweusi wa koloni la Ufaransa lililoitwa Saint-Domingue, ambalo leo ndo Haiti, na meseji zilizoingia kutoka Lindi na Mtwara ni nyingi mno. Asanteni sana. Yote siwezi kuyajibu, nimechukua yale yanayoulizwa na wengi pamoja na yale yaliyonigusa mwenyewe, na mengine nimeyajibu kwa urefu maana hii habari inatuhusu sisi watu wa kusini kuliko tunavyofundishwa shuleni.

*Shikamoo mwalimu. Huyu Toussaint alikuwa nani hasa kabla ya vita? Wengine wanasema mtumwa, wengine wanasema alikuwa mtu huru tena mwenye mali. Tushike lipi? (Msomaji, Masasi)*

Marahaba mwanangu. Shika yote mawili. Alizaliwa utumwani kama mwaka 1743 kwenye shamba kubwa la miwa lililoitwa Bréda, jirani na mji wa Cap-Français, kaskazini mwa koloni. Kwao wanasimulia kwamba baba yake alitekwa kutoka Allada, sehemu ambayo leo iko nchi ya Benin, na kwamba alikuwa wa ukoo wa watawala. Mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba mpaka akapachikwa jina la kijiti, ila alivyokua akawa mpanda farasi hodari kuliko wengi, akapewa kazi ya kuangalia mifugo na baadaye kuendesha gari la farasi la meneja wa shamba, Mfaransa mmoja anaitwa Bayon de Libertat. Hii kazi msiione ndogo. Mwendesha gari anafika mjini, anasikia wazungu wanaongea nini huko nyuma yake, anajua nani kagombana na nani, wakati mwenzake wa kwenye miwa anaamka na kiboko na analala na kiboko.

Kufika mwaka 1776 alikuwa ameshapata uhuru wake. Kusoma alijua, kuandika Kifaransa kulimpa tabu, ndo maana akiwa jenerali barua zake alikuwa anawatajia makarani na anawarudisha mpaka maneno yakae anavyotaka. Kwa hiyo watumwa walipoinuka mwaka 1791 yeye alikuwa anakaribia miaka 50, ana mke, ana watoto, ana shamba la kuangalia. Angeweza kabisa kukaa pembeni asiguswe na mtu.

*Mimi ni mkazi wa Kilwa Masoko. Nilisikia zamani kwa mzee mmoja kwamba Wafaransa walikuwa na mkataba wa watumwa na sultani wa Kilwa Kisiwani. Je ni kweli, na kama ni kweli kuna uhusiano gani na huyo Toussaint?*

Ni kweli tupu, na hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Mwaka 1776, mwaka uleule ambao Toussaint tunamkuta kwenye makaratasi akiwa mtu huru, nahodha mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alitia nanga Kilwa Kisiwani na kufunga mkataba na sultani, apewe watumwa 1,000 kila mwaka, bei piasta 20 (sarafu za fedha za wakati ule) kwa kichwa. Watu 1,000 kwa mwaka! Hawa hawakuwa wanaokotwa ufukweni. Walikuwa wanatoka bara, wanashushwa na misafara kutoka upande wa Ruvuma na hadi kule Ziwa Nyasa, wanapita kwenye nchi hiihii ambayo leo tunapita na basi kwenda Nachingwea na Masasi, kisha wanafikia pwani.

Wengi waliopakiwa Kilwa walipelekwa kwenye visiwa vya Wafaransa vya Mauritius na Réunion kulima. Lakini miaka ileile kabla ya mapinduzi ya watumwa kulikuwa na meli za Kifaransa zilizobeba watu wa pwani hii ya mashariki, hasa kutoka Msumbiji, zikazunguka rasi ya kusini ya Afrika, zikavuka bahari ya pili mpaka Saint-Domingue. Kwenye vitabu vya mashamba kule walikuwa wanaandikwa kwa jumla tu kwamba ni watu wa Msumbiji, yani Mmakua, Myao, Mmakonde na mwingine yeyote wanatiwa kapu moja, jina la kwao limefutwa hapohapo. Sasa we piga picha mtu katoka kijijini kwake labda karibu na Ruvuma, kapita baharini miezi, akifika anakuta lugha hajui, chakula hajui, mungu anayeombwa hajui, anaambiwa kata miwa.

Na kwa nini walihitaji watu wapya kila mwaka? Kwa sababu lile koloni lilikuwa linaua. Kufika 1789 kulikuwa na watumwa karibu 500,000, wazungu kama 30,000 na watu huru wa rangi idadi inayokaribiana na hiyo ya wazungu, na watumwa walikuwa wanakufa haraka kuliko walivyokuwa wanazaliana. Kwa hiyo mwaka wa mapinduzi watumwa walio wengi walikuwa wamezaliwa Afrika, wanakumbuka kwao, wengine walikuwa wapiganaji kabisa kabla ya kutekwa. Sukari na kahawa ya Ulaya ilikuwa inatoka pale kuliko koloni lingine lolote. Utajiri ule wa Ufaransa uliotengenezwa Saint-Domingue una jasho la watu wa pwani yetu ndani yake, na jeshi lililouvunja pia lilikuwa na watu kutoka upande wetu huu wa bahari. Ningependa kila mtoto wa Kilwa anayepeleka wageni magofuni alijue hili, maana tunawaeleza habari za msikiti mkuu na Husuni Kubwa halafu ule mkataba tunauruka.

*Hapa Umatumbini tumekua na habari za Kinjikitile na maji. Na hawa wa Haiti walikuwa na dawa? (Kijana, Kilwa Kivinje)*

Walikuwa na kiapo. Simulizi ya Haiti inasema usiku wa tarehe 14 Agosti 1791 viongozi wa watumwa kutoka mashamba mengi walikutana msituni, mahali panaitwa Bois Caïman, wakaongozwa na Boukman pamoja na mwanamke kuhani ambaye jina lake linatajwa kuwa Cécile Fatiman, wakachinja mnyama na wakaapa. Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 22, mashamba ya uwanda wa kaskazini yakaanza kuwaka moto moja baada ya jingine.

Kufanana kupo kijana wangu. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905 vita vikiwa vimeanza tu, na vita havikufa naye. Boukman naye aliuawa Novemba 1791, Wafaransa wakakitundika kichwa chake mjini watu wakione, na vita havikufa. Kote kuwili ile imani iliwaunganisha watu wa makabila ambayo jana yalikuwa hayasikilizani, na hiyo ndo ilikuwa kazi yake kubwa kwa maoni yangu. Tofauti inayoniuma ni njaa na ugonjwa. Sisi Mjerumani alichoma mashamba na maghala, watu wakafa njaa kwa maelfu mengi mpaka vijiji vikabaki vichaka. Wao mbu alikuwa upande wao, homa ya manjano ilikuwa inawamaliza askari wanaotoka Ulaya kabla hata hawajazoea jua.

Na Toussaint? Mwanzoni hakuwa mbele. Kwanza alisaidia mke wa yule meneja aondoke salama, akahakikisha familia yake imejificha, ndo akaenda kujiunga na kundi la Biassou, mmoja wa viongozi wa watumwa waasi. Alikuwa Mkatoliki anayesali kwelikweli, ila miti na majani ya dawa aliyajua vizuri, kazi zake za kwanza kambini zilikuwa kutibu majeruhi na kuandikia wakubwa barua. Jeshi lake alilijenga polepole, kwa nidhamu, akachukua hata maafisa wa kizungu wamfundishie watu wake.

*Kaka mimi huyu mtu simuelewi. Mara yuko na Wahispania, mara Wafaransa, mara anaongea na Waingereza. Huyu si kigeugeu tu? (Msomaji, Mtwara mjini)*

Swali lako naliheshimu, ila angalia tarehe ndugu yangu. Mwaka 1793 Ufaransa ilikuwa na vita na Hispania na Uingereza kwa pamoja, Hispania ilikuwa inashika nusu ya pili ya kisiwa kile, ikawapa watumwa waasi bunduki na vyeo. Toussaint akachukua. Tarehe 29 Agosti 1793 akatoa tangazo lake kwa watu wa rangi yake akiwaambia anataka uhuru na usawa vitawale Saint-Domingue, na siku hiyohiyo kamishna wa Kifaransa Sonthonax akatangaza kuwaacha huru watumwa wa kaskazini, maana alikuwa amebanwa kila upande na hana askari. Tarehe 4 Februari 1794 bunge la Paris likafuta utumwa kwenye makoloni yote ya Ufaransa. Hispania haikuwa na mpango huo. Uingereza ndo kabisa, iliingia ikiitwa na wenye mashamba ili watumwa warudi kazini. Mwezi Mei 1794 Toussaint akahamia kwa Wafaransa.

Kwa hiyo ukifuata bendera utaona kigeugeu, ukifuata swali la nani anafuta utumwa utamwona anaenda palepale. Sisemi hakuwa na hesabu zake binafsi, alikuwa nazo, na wenzake waliobaki na Hispania aliwapiga bila huruma. Ila Waingereza walipoondoka mwaka 1798, baada ya kuzika maelfu ya askari, walifanya mapatano na yeye jenerali mweusi, wakampita mkuu aliyetumwa na Paris. Marekani nayo chini ya rais John Adams ikafungua biashara na bandari zake. Mtu aliyezaliwa Bréda akiwa mali ya watu!

*Nafundisha sekondari Newala. Nimesoma kwamba Toussaint mwenyewe aliwahi kumiliki watumwa na baadaye akawalazimisha watu wake warudi mashambani. Nawaambiaje wanafunzi wangu?*

Dada yangu mwalimu, waambie ukweli wote, wanaubeba. Makaratasi yapo. Yanaonesha aliwahi kummiliki mtu mmoja, akamwacha huru, na baadaye kama mwaka 1779 akakodi shamba la kahawa likiwa na watumwa 13 juu yake. Ndivyo watu huru wa pale walivyokuwa wanapanda ngazi, na yeye alipanda.

La pili kwangu ndo zito zaidi. Alivyokamata nchi nzima alikuta mashamba yameungua, hazina haina kitu, na adui anaweza kurudi wakati wowote. Bila sukari na kahawa hakuna baruti. Kwa hiyo Oktoba 1800 akatoa amri kwamba wakulima warudi kwenye mashamba makubwa waliyotoka, wapewe robo ya mazao, hakuna kuhama, hakuna kuzurura, na msimamizi ni askari. Mwaka uliofuata akazuia watu kuungana wakanunua vipande vidogo vya ardhi. Kiboko rasmi kilikuwa kimepigwa marufuku, ila fimbo zilitumika. Wazungu wenye mashamba waliokimbia akawaita warudi.

Sasa wewe uko Newala, unajua mtu wa huko anavyoona mikorosho yake mwenyewe hata kama ni michache, na wazee waliokwenda manamba kwenye mkonge wanajua maana ya kuamshwa na nyapara. Watu wa Saint-Domingue uhuru waliuelewa hivyohivyo, kila mtu na kishamba chake, mihogo yake, ndizi zake, soko lake la jumamosi, hakuna wa kumwamrisha. Toussaint aliuona uhuru kama kitu cha kulindwa na dola yenye jeshi na pesa. Wakagongana. Oktoba 1801 wakulima wa kaskazini waliinuka, na Moïse, jenerali ambaye Toussaint alimlea kama mtoto wa ndugu yake, akatuhumiwa kuwa nyuma yao, akapigwa risasi kwa amri ya mjomba wake. Mimi hapo simtetei. Naamini aliwapoteza watu walewale ambao miezi michache baadaye alikuwa anawahitaji wampiganie, na wengi walibaki wamekunja mikono Wafaransa walipotua, maana waliona mabwana wanapigana wao kwa wao.

Lakini usiache kuwasomea katiba yake ya mwaka 1801, kifungu cha 3, kinachosema kwenye nchi ile hawawezi kuwepo watumwa na utumwa umefutwa milele. Wakati Marekani walikuwa na katiba inayohesabu watumwa kwa sehemu tatu za tano za mtu! Katiba hiyohiyo ilimfanya yeye gavana wa maisha. Wanafunzi wajadili vyote viwili, usiwape jibu.

*Alikamatwaje mtu mjanja vile? (Wengi mmeuliza, nimeunganisha)*

Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, alikasirishwa na ile katiba, akamtuma shemeji yake Leclerc na meli zenye askari kama 20,000 kwa mkupuo wa kwanza. Walifika mwanzoni mwa 1802, Christophe, jenerali wa Toussaint, akauchoma mji wa Cap-Français kuliko kuwakabidhi. Toussaint na jenerali wake mwingine, Dessalines, wakapigana miezi mitatu, pale ngome ya Crête-à-Pierrot Wafaransa walikufa wengi sana ingawa mwisho waliichukua. Kisha majenerali wakaanza kuhamia upande wa pili mmojammoja, Christophe akahama, na Mei 1802 Toussaint akakubali kuweka silaha chini na kurudi shambani kwake. Tarehe 7 Juni jenerali Brunet akamwandikia barua ya kirafiki aje waongee, akaenda na watu wachache, akafungwa kamba.

Mnisamehe hapa, kila nikifika sehemu hii namkumbuka Machemba wetu, mtawala wa Kiyao wa huko uwanda wa Makonde, ambaye Mjerumani Wissmann alipomwita mwaka 1890 aje pwani ajisalimishe alijibu kwa barua ya Kiswahili kwamba kama ni urafiki yuko tayari, kuwa chini yake hapana, na kama ana nguvu amfuate mwenyewe. Hakwenda. Mwaka 1899 alivyozidiwa alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Na Hassan bin Omari Makunganya wa Kilwa alikamatwa akanyongwa Kivinje 1895, pale Mwembe Kinyonga. Toussaint alikuwa mzoefu wa barua kuliko Brunet, mimi naona alichoka, na nadhani mpaka siku ile alikuwa bado anajihesabu jenerali wa Ufaransa ambaye atasikilizwa.

Alipopandishwa melini inasemekana alitamka kwamba kwa kumwangusha yeye wamekata shina tu la mti wa uhuru, utachipua tena maana mizizi yake ni mingi na imeenda chini. Akapelekwa ngome ya Joux, kwenye milima ya baridi mashariki mwa Ufaransa, akanyimwa hata mtumishi wake, kuni kidogo, chakula kidogo. Alifariki tarehe 7 Aprili 1803. Leclerc alikuwa ameshatangulia Novemba 1802 kwa homa ya manjano.

*Na watoto wake? Nimesikia walikuwa Paris. (Mama, Lindi)*

Ndiyo mama. Isaac na Placide walipelekwa kusoma Ufaransa, na Bonaparte aliwarudisha pamoja na jeshi la Leclerc ili wamlainishe baba yao. Baba akawaambia kila mmoja achague. Isaac akachagua Ufaransa, Placide, ambaye alikuwa mtoto wa mke lakini kalelewa naye, akachagua kupigana na baba. Baba hakumlaani yule aliyekataa. Mkewe Suzanne alikamatwa naye na kupelekwa Ufaransa, hawakuonana tena, alifariki mji wa Agen mwaka 1816.

*Kama walishinda mbona Haiti ni maskini? (Msomaji, Ruangwa)*

Walishinda kweli. Habari kwamba Bonaparte amerudisha utumwa Guadeloupe, koloni jingine la Ufaransa, ziliwafikia mwaka 1802, hapo wakulima wakainuka wenyewe kabla ya majenerali, baadaye Dessalines na Christophe wakarudi upande wao, na tarehe 18 Novemba 1803 wakawapiga Wafaransa mahali panaitwa Vertières. Tarehe 1 Januari 1804 Dessalines akatangaza uhuru.

Umaskini una sababu nyingi, watawala wao nao wana sehemu yao, ila kuna moja ambayo haitajwi vya kutosha. Mwaka 1825 mfalme wa Ufaransa alituma meli za kivita, akasema atautambua uhuru wao wakilipa faranga milioni 150 za dhahabu kuwafidia wenye mashamba, yani waliokuwa watumwa wamlipe aliyekuwa bwana wao kwa kumkosesha miili yao. Kwa kuwa hela haikuwepo, wakakopa benki za hukohuko Paris ili kuilipa Paris. Mwaka 1838 deni likashushwa mpaka jumla milioni 90, likalipwa, lakini mikopo iliyotokana nalo iliendelea kuvuta hela za Haiti mpaka mwaka 1947. Shule ambazo hazikujengwa, barabara, hospitali, kodi ya kahawa ya mkulima wa mlimani kule, nyingi zilienda huko. Wahaiti wanadai zirudishwe. Rais wao Aristide alilidai hilo wazi mwaka 2003, na mimi nasema wana haki.

Yale maswali ya Majimaji na ya Machemba nimeyaweka pembeni, tutayachukua toleo lijalo. Mwenye picha za zamani za Kilwa Kivinje au barua za ukoo atuletee tupige kopi, asili abaki nayo mwenyewe.